Simu ya Chama na Mlango Wake wa Pili



Katika msimu wa mwaka juzi, mwenzetu mmoja wa upande wa Konde alikuwa na karafuu zake zimekwisha chumwa na kuchambuliwa, na majamvi aliyokuwa nayo hayakutosha kuanikia. Alisikia kwamba majamvi ya kuazima yamefika katika ghala ya Chama. Akatoa simu yake ya mkononi, akaipiga namba ya ofisi. Akasikia mlio ule wa kwamba laini ina mtu. Akapiga tena baada ya adhuhuri, hali ni ile ile. Siku ya pili kadhalika. Siku ya tatu akapanda gari akaja mwenyewe Wete, akayakuta majamvi yamekunjwa, yameegemezwa ukutani, hayana wa kuyachukua. Akayapokea akarejea kwao. Lakini karafuu mbichi zilizolundikwa siku mbili zilikuwa zimekwisha shika joto, zimevunda na kuharibika rangi, na hapana haja ya kumweleza mkulima karafuu ya namna hiyo hupata daraja gani mizanini.

Mzee yule hakugombana nasi. Alisema neno moja tu: "Simu mnayo, wanangu, lakini mlango wake mmeufunga kwa ndani."

Neno lile lilituuma kwa sababu lilikuwa kweli. Msimu uliopita tulijaribu kuufungua mlango huo, na wanachama wengi, na hasa makatibu wa matawi, wametuuliza tumefanyaje, imegharimu nini, na kama inafaa kwao. Leo twapenda kuwajibu wote pamoja, na wala hatutaficha makosa tuliyoyafanya.

ILIVYOKUWA

Visiwa vyetu si vigeni katika mambo ya kupelekeana khabari kwa waya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na jumba la telegrafu pale Shangani lingali limesimama mpaka leo, ijapokuwa sasa ni hoteli. Simu ya ofisi yetu nayo ni ya waya, na namba yake huanza na 024 kama za ofisi nyingine za Unguja na Pemba. Tunazo laini mbili za nje, na ndani upo mtambo mdogo, yaani swichibodi, unaozigawa laini hizo mbili kwa simu kumi za ndani: ya katibu, ya mhasibu, ya ghala, na kadhalika.

Zamani mpango huo ulitosha, maana wenye simu walikuwa wachache. Kisha ikaja simu ya mkononi. Mtambo wa namna inayoitwa GSM ulipigiwa simu ya kwanza kule Finland tarehe 1 Julai 1991. Huku kwetu kampuni ya Zantel iliundwa mwaka 1999, na zikafuata nyingine. Leo mkulima anayo simu mfukoni, mchumaji anayo, na mwenye gari la kubebea magunia anayo. Wanachama wote wamehamia katika simu ya mkononi, na ofisi ikabaki na nyaya zake mbili. Mmoja akizungumza na mhasibu na mwingine na ghala, watu wote waliobaki husikia mlio wa laini ina mtu.

Makarani wetu, kwa wema wao, walianza kuwapa wanachama namba zao wenyewe. Ilionekana ni msaada, lakini ilileta madhara matatu. Kwanza, karani alikuwa akipiga simu za Chama kwa salio la mfukoni mwake. Pili, hapana daftari lililoonyesha nani alipiga na alijibiwa nini. Tatu, na hili ndilo kubwa, namba ilikuwa ya mtu. Bibi karani mmoja alipokwenda Dar es Salaam kwa mapumziko ya kujifungua, alikwenda na simu yake, na wanachama wa mashehia mawili wakawa wanampigia yeye hospitalini kumwuliza khabari za magunia. Lile halikuwa kosa lake hata kidogo. Lilikuwa kosa letu, tulioufanya mlango wa Chama uwe ndani ya mkoba wa mtu mmoja.

KISANDUKU CHENYEWE

Mafundi wana kisanduku wanachokiita getiwei, maana yake ni lango. Kwa ukubwa hakizidi sana kitabu kinene. Upande mmoja kina nafasi za kutilia kadi za simu, zile ambazo sote tumezoea kuziita laini, na antena za kuzungumza na mnara. Upande wa pili kina matundu ya kuunganishia waya wa swichibodi. Kazi yake ni kusimama katikati. Kwa mnara kinajifanya kuwa ni simu ya mkononi, na kwa swichibodi kinajifanya kuwa ni laini ya nje kama laini nyingine. Swichibodi haijui kama imezungumza na mnara.

Viko vya namna mbili. Vya kwanza hufungwa kwa waya wa simu wa kawaida, na hivi vyafaa kwa swichibodi kuukuu kama yetu. Vya pili hufungwa kwa waya wa kompyuta, na hivi ni vya mitambo mipya ambayo sauti hupita ndani yake kwa njia ya intaneti. Mwenye mtambo mpya anunue vya pili, maana vina udhia mchache, kama tutakavyoeleza.

Kumbukeni jambo hili: kadi moja huchukua mazungumzo ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kisanduku chetu kina kadi nne, basi watu wanne huweza kuzungumza kwa pamoja, juu ya wale wawili wa laini za waya. Tumetangaza namba moja tu ya mkononi. Kadi yake ikiwa na mtu, mtandao huipeleka simu inayokuja kwenye kadi ya pili, na ya pili kwenye ya tatu. Ule mwendo wa kupelekwa mbele huhesabiwa kwa gharama ya Chama, wala mwanachama hatozwi zaidi.

Karani akitaka kumpigia mwanachama, huinua simu yake ya mezani kama desturi. Swichibodi hutazama mwanzo wa namba: ikianza na 06 au 07 huitia kwenye kisanduku, na ikianza na 024 huitia kwenye waya. Karani mwenyewe hana haja ya kujua imepita njia gani.

Faida ambayo hatukuitarajia ilikuwa katika zile simu za kubipu. Mwanachama asiye na salio hupiga mara moja akakata. Zamani bipu kwa ofisi ilikuwa kazi bure, maana simu yetu ya waya haikuonyesha nani amepiga. Sasa kisanduku huandika kila namba na saa yake, na kila asubuhi karani huichukua orodha ile akawapigia wenyewe mmoja mmoja. Siku moja tulisimama nyuma yake tukasikiliza. "Shikamoo bibi, hapa ni Chama, ulitupigia jana magharibi." "Marahaba mwanangu. Majamvi yapo?" "Yapo bibi, njoo kesho na kitambulisho chako." Mazungumzo hayakufika nusu dakika, na bibi yule aliokoa nauli ya kwenda na kurudi.

Faida nyingine ni sauti ya kurikodi. Ofisi inapofungwa, apigaye husikia maneno machache yaliyosemwa jioni ile: majamvi yamebaki au yamekwisha, gari la Chama litapita wapi kesho, na ofisi itafunguliwa saa ngapi. Wengi hukata simu wakiwa wamekwisha pata walichokitaka.

GHARAMA, KWA UKWELI

Wauzaji wa visanduku hivi husema kwamba fedha ya kununulia itarudi yenyewe kwa muda mfupi. Twawaomba makatibu msiyaamini maneno haya mpaka mmefanya hesabu.

Asili ya faida ile ni hii. Simu inapotoka katika mtandao mmoja kuingia mwingine, kampuni iliyoitoa huilipa kampuni iliyoipokea. Malipo hayo yakiwa makubwa, simu ya kutoka kwenye waya kwenda mkononi huwa ghali, na mwenye kisanduku hujiokoa kwa kutumia kadi ya mtandao ule ule wa anayempigia. Hiyo ndiyo sababu visanduku hivi vilienea sana Ulaya katika miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini hapa Tanzania malipo hayo huwekwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na yameshuka sana. Mwaka 2017 yalikuwa shilingi 26.96 kwa dakika, mwaka 2018 yakawa shilingi 15.60, na mwaka 2022 yakafika shilingi 2. Basi ile tofauti iliyokuwa ikimlipa mwenye kisanduku imepungua mno.

Chukueni daftari, andikeni mwezi mzima: dakika ngapi mlizungumza na simu za mikononi, na mlilipa nini. Kisha ulizeni bei ya vifurushi vya dakika, na tizameni kama ni dakika za mtandao mmoja au za mitandao yote. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari. Sisi tumeokoa fedha kidogo tu, na kama tungelitafuta fedha peke yake tusingelinunua. Tulinunua kwa ajili ya majamvi ya yule mzee wa Konde.

MAKOSA TULIYOYAFANYA

La kwanza ni la simu isiyokatika. Siku za mwanzo mwanachama alikuwa akikata simu yake huko aliko, lakini swichibodi yetu haikujua kwamba amekata, ikaendelea kuishika laini kama bado kuna mtu. Kufika saa nne asubuhi laini zote nne za kisanduku zilikuwa zimeshikwa na watu wasiokuwapo. Wanachama walipiga wakasikia mlio ule ule wa zamani, na wengine walidhani tumewacheza shere. Dawa yake ni kwamba kisanduku lazima kiiambie swichibodi kuwa mtu amekwisha, ama kwa kugeuza mwendo wa umeme katika waya, ama kwa mlio maalumu, na swichibodi lazima iwekwe tayari kuitambua ishara hiyo. Kabla hamjamlipa fundi, mwambieni apige simu, aikate kwa upande wa mkononi, muone laini inaachiwa. Kisha aikate kwa upande wa ofisi, muone vile vile, maana hapo isipokatika, pesa ya Chama huendelea kuliwa. Visanduku vya waya wa kompyuta havina sana ugonjwa huu.

La pili ni mwangwi. Sauti ya simu ya mkononi huchelewa kidogo njiani, na inapoingia katika waya wa kawaida sehemu yake hurudi ilikotoka. Mwanachama akawa anasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kama mtu aliyepiga kelele kisimani. Tulipunguza nguvu ya sauti katika kisanduku na kufungulia kizuia mwangwi kilichokuwamo ndani, na jambo likapungua mpaka halisumbui tena.

La tatu ni mvumo. Tulikiweka kisanduku juu ya swichibodi, antena zikiwa zimelala juu ya nyaya. Kila simu ilipoingia, simu za mezani zilivuma kama nyuki. Simu ya GSM hurusha mawimbi yake kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na nyaya zilizo karibu huyanasa. Antena zikatolewa zikawekwa dirishani, mbali na nyaya, na nyuki wakaondoka.

La nne ni la namba zinazohama. Fundi aliipanga swichibodi ichague kadi kwa kutazama namba: namba za mtandao huu zipite kadi hii, na za mtandao ule kadi ile. Akasahau kwamba tangu mwezi wa Machi 2017 mtu huweza kuhama mtandao akabaki na namba yake. Namba haimtambulishi tena mwenye mtandao kwa uhakika. Dakika za kifurushi cha mtandao mmoja zikawa zinatoka nje ya kifurushi bila ya sisi kujua. Tukaona bora kifurushi cha mitandao yote.

La tano, tulidhani mashine ya faksi nayo itapita humo. Haipiti. Sauti ya GSM hukamuliwa ili ichukue nafasi ndogo angani, na mkamuo huo hulingana na maneno ya binadamu, si milio ya mashine. Faksi imerudi kwenye waya wake.

La sita lilikaribia kututia hasara kubwa. Kisanduku kilikuwa kimewekwa hivi: mtu wa nje akipiga, hupewa mlio wa swichibodi naye huweza kubonyeza namba yoyote aitakayo. Maana yake, mtu asiye na haya angeweza kuingia kwa simu yake, akatoka kwa laini yetu na kupiga simu nchi za mbali kwa gharama ya wanachama. Tuliliona kabla halijatokea. Apigaye kutoka nje awe na njia mbili tu: simu za ndani na karani. Kutoka tena nje kusiwe na ruhusa kabisa. Na neno la siri la kisanduku, lile lililokuja nalo kutoka kiwandani, libadilishwe siku ile ile ya kukifunga.

SHERIA

Hapa twawaomba msome pole pole, maana kisanduku hiki hiki mikononi mwa wengine ni chombo cha wizi.

Wako watu wanaojaza kadi nyingi katika visanduku kama hivi, wakazipokea simu za kutoka nchi za nje kwa njia ya intaneti, kisha wakazitoa humu nchini kama kwamba ni simu za hapa hapa. Kwa njia hiyo hukwepa malipo ya simu za kimataifa, na anayepigiwa huona namba ya nchini ijapokuwa mpigaji yuko ng'ambo. Jambo hilo ni kosa, na TCRA ina mitambo ya kulitafuta. Sheria ya mawasiliano ya elektroniki na posta ni ya mwaka 2010, na inatuhusu sisi wa visiwani sawa na wenzetu wa bara.

Basi tufuate mambo manne. Tununue kisanduku kilichokubaliwa na TCRA, si cha mkobani kwa mtu. Kadi zote zisajiliwe kwa jina la Chama, wala si kwa jina la karani au fundi; usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na kadi zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Tuiulize kampuni ya simu kwa barua kama kifurushi chake kinaruhusu kadi kutiwa katika kisanduku, na jibu lake liwekwe katika jalada, maana kampuni huweza kuifunga kadi inayopiga kutwa kucha bila ya kuhama mahali. Na simu zipitazo humo ziwe za Chama peke yake. Jirani mwenye duka akiomba kupitisha simu zake, tumnyime kwa adabu.

UMEME UKIKATIKA

Laini ya waya wa shaba hupata umeme wake kutoka kituo cha simu. Kwa hiyo simu ya kawaida iliyochomekwa moja kwa moja huendelea kufanya kazi hata nyumba ikiwa giza. Kisanduku hakina bahati hiyo, wala swichibodi. Wenzetu wa Unguja hawajasahau tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa bila ya umeme wa gridi. Kwa sababu hiyo tumekitilia kisanduku betri ya akiba, na tumeibakisha laini moja ya waya yenye simu ya kawaida mezani kwa karani. Msiikate laini ya waya kwa kuwa mmepata kisanduku.

Na jambo moja jingine la kukumbuka siku ya hatari. Ukipiga 112 kupitia kisanduku, mnara hutambua mahali kilipo kisanduku, wala haujui umo chumba gani au ghala gani. Sema mwenyewe mahali ulipo, kwa ukamilifu.

SHAURI KWA MATAWI

Tawi lenye karani mmoja na simu moja halina haja ya getiwei. Linunue simu ya mezani ya kutilia kadi, kadi iwe kwa jina la Chama, na simu ile isitoke mezani. Tawi lenye swichibodi na watu watatu wanne wa kupokea simu, ndilo la kufikiri kisanduku cha kadi mbili au nne. Na penye intaneti ya kutegemewa, iulizeni kwanza kampuni ya simu kama inaweza kuwaletea laini nyingi kwa njia hiyo bila ya kadi wala antena. Wakikubali, huenda ikawa ndiyo njia nyepesi zaidi. Anayenunua getiwei sasa asichukue ile ya mtandao wa zamani peke yake. Marekani na Australia zimekwisha zima mitandao yao ya 3G, na ijapokuwa ya kwetu ingalipo, kisanduku kisichojua 4G hakina maisha marefu.

Msimu huu yule mzee wa Konde alipiga simu mara moja tu. Alipokelewa, akaambiwa majamvi yapo, akamtuma kijana wake na baiskeli. Jioni karafuu zake zilikuwa zimeanikwa. Hatudai kwamba kisanduku ndicho kilichofanya kazi hiyo, maana kisanduku hakiinui simu wala hakijibu kwa upole. Kazi hiyo imebaki ni yetu tulio ofisini, na wanachama mna haki ya kutudai. Anayepiga namba ya Chama asijibiwe na mtu, au akabipu asipigiwe kufika saa sita mchana ya siku ya pili, na atuandikie jina la tawi lake na saa aliyopiga. Daftari tunalo, nalo litatuhukumu.

Twawatakia nyote mavuno ya salama, na jua la kutosha juu ya majamvi.